Kulala Garini, Kula kwa Shangazi: Mwongozo Kamili wa Safari ya Milima na Ndugu, Iringa hadi Mbeya

Mara ya kwanza nilipompeleka mke wangu na watoto kwa shangazi, kule juu ya Tukuyu wilayani Rungwe, tulilala kwenye kitanda chake bila kujua. Niliamka saa kumi alfajiri kwenda uani, nikamkuta amelala jikoni kwenye mkeka, wajukuu watatu wamemzunguka, kitenge kimoja kimewafunika miguu wote wanne. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Rungwe mwezi wa saba inaingia hadi kwenye mifupa. Asubuhi akatuandalia chai kama kawaida. Nilipomwambia tuhamie gesti mjini alininunia: "Umekuja kwangu au umekuja mjini?"

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza gari la kulala. Tangu siku hiyo tumekwenda nyanda za juu kusini mara nne na Noah yetu yenye kitanda ndani, tukipanda milima na kupita kwa ndugu wa pande zote mbili: wajomba zangu Wahehe wa Iringa vijijini, na upande wa baba kule Rungwe. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa mtu angenieleza kabla sijaanza.

Chagua mwezi

Mvua za huku huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Rungwe ni jambo jingine: mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo koti la mvua halibaki nyumbani hata ukienda kiangazi. Juni na Julai njia ni kavu, lakini Njombe na Makete asubuhi utakuta barafu nyembamba imetanda kwenye majani. Mimi naipenda Septemba. Baridi imepungua, vumbi linavumilika, mahindi yameshaingia ghalani, na ndugu wana nafasi ya kukaa na mgeni. Ukifika Novemba au Desemba watu wako shambani wanapanda, na mwenyeji anayekuacha nyumbani peke yako ana haki yake. Ukienda kipindi hicho, beba jembe.

Wenye watoto wa shule wanabanwa na likizo. Basi chagua ya katikati ya mwaka, na blanketi ziwe mbili kwa kila kichwa.

Andaa gari

Usinunue gari jipya kwa ajili ya hili. Noah, Hiace, hata gari dogo la familia lenye mgongo mrefu linatosha. Toa viti vya safu ya nyuma kabisa, viweke stoo. Safu ya kati iache, kwa sababu kila abiria lazima awe na kiti chake na mkanda wake. Hakuna mtu wa kulala kitandani gari likiwa linatembea, hata mtoto.

Mwite seremala apime ndani ya gari lako mwenyewe, asikariri vipimo vya gari la jirani. Sisi tulitengenezewa fremu ya mbao yenye kimo cha sentimita 35 hivi, juu yake plaiwudi iliyokatwa vipande viwili ili cha mbele kikunjwe mchana. Chini ya kitanda yanaingia makreti mawili ya plastiki: moja la chakula, jingine la vyombo. Godoro liwe la inchi tatu au nne. Likizidi hapo utagonga kichwa kila ukikaa.

Vingine tunavyobeba: mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu, madumu mawili ya maji ya lita 20, taa ya sola, koleo dogo la choo, jeki na spea yenye upepo, kamba ya kuvutia, pembetatu za kuakisi, kizimamoto, na hema dogo. Tukiwa kambini mke wangu na watoto hulala garini na mimi hemani. Tukiwa kwa ndugu, watoto hulala ndani na binamu zao, na sisi wawili hulala garini. Hilo la watoto kulala ndani lina maana yake, nitalirudia.

Sasa sikiliza vizuri. Usiingize jiko la mkaa ndani ya gari. Najua baridi ya Makambako na upepo wake, najua na mazoea yetu ya kuota moto chumbani. Mkaa unaotoka moshi na mkaa usiotoka moshi wote hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu husinzia tu, haamki. Ndani ya gari nafasi ni ndogo na hewa huisha upesi. Hata jiko la gesi lipikiwe nje. Ukitaka joto, chemsha maji, yatie kwenye chupa ngumu isiyovuja, izungushie soksi, uiweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Dirisha liache wazi upana wa vidole viwili, ulizibe kwa kipande cha chandarua. Usipofanya hivyo, asubuhi vioo vyote vitakuwa vinatiririka maji ya pumzi zenu na blanketi zitakuwa mbichi.

Kabla ya kuondoka, fundi akague breki, tairi na mfumo wa kupoza injini. Mambo mengine yanaweza kusubiri, hayo matatu hapana.

Andaa ndugu

Watu wengi huandaa gari wiki mbili na ndugu dakika mbili. Kwangu hii ndiyo sehemu nzito ya safari, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kwanza, piga simu kwa mkubwa wa ukoo, usiishie kwa binamu mnayechati naye. Mweleze siku mtakayofika, idadi yenu, na siku mtakayoondoka. Hiyo ya kuondoka ndiyo muhimu kwa mwenyeji, maana ndiyo inayomwezesha kupanga kuku na unga.

Pili, uliza nani amefariki tangu mlipoonana mara ya mwisho. Usione aibu kuuliza. Ukikaa miaka mitano hujaonekana, kuna misiba ilikupita. Ukifika, kabla ya kufungua begi la zawadi, kaa, toa pole, weka rambirambi kwenye bahasha, na ukipelekwa makaburini nenda. Mjomba wangu mmoja alinipokea kwa ubaridi wa wazi mwaka ule wa kwanza. Nilikuja kugundua sikuwa nimempa pole ya mke wake, na nilikuwa nimeshaanza kuwaonyesha watu picha za mlimani.

Tatu, lieleze gari mapema. Ukifika tu na kusema "sisi tutalala garini", umemwambia mwenyeji kuwa nyumba yake haifai. Mwaka wa pili shangazi alikaa kimya muda mrefu nilipomwonyesha kitanda chetu. Akalibonyeza godoro kwa kiganja, akabonyeza na upande wa pili, akaniuliza blanketi ziko ngapi. Kisha akaingia ndani, akatoka na blanketi lake la kijivu lenye mstari mwekundu, akalitandika mwenyewe juu ya yetu na kuchomeka pembe zake chini ya godoro. Toka siku hiyo tuna utaratibu: usiku wa kwanza tunalala ndani, popote atakapotuweka, bila ubishi. Usiku unaofuata tunaomba ruhusa ya kuhamia garini, na gari linaegeshwa uani kwake. Chakula chote tunakula ndani ya nyumba. Jiko letu halitoki kwenye kreti mradi tuko kwake; kujipikia uani kwa mwenyeji ni tusi.

Na watoto wanalala ndani siku zote. Ule usiku wa kulala watano kwenye mkeka mmoja, wakinong'onezana hadi wanakemewa, ndio unaowafanya wajuane. Wangu sasa wanajua ukoo wao kwa majina, na mkubwa ana daftari ambalo bibi yake alimsimulia vizazi vinne naye akaandika.

Kuhusu zawadi, usiwapelekee watu chai wakati majani yanachumwa Mufindi na Rungwe. Peleka kisichopatikana kirahisi huko: nazi, samaki wakavu wa pwani, dagaa. Sukari, mafuta ya kula, sabuni na chumvi havikosei popote. Kitenge kwa shangazi, koti zito kwa mjomba. Bahasha ya fedha mpe mkubwa faragha, siku ya kuondoka.

Jifunze salamu. Uhehe na Ubena ukisema "kamwene" umeshafungua mlango. Unyakyusa "ndaga" itakubeba kwenye salamu na kwenye shukrani. Na kwa Wanyakyusa, hasa nyumba za wazee, uliza kabla kuhusu baba mkwe na mke wa mwanawe: kwa mila, hao wawili wanaepukana, na mke wako akimkimbilia baba mkwe kumpa mkono anaweza kumwona mzee anageuka pembeni. Hajamchukia. Anamheshimu.

Dar hadi Iringa

Ni kilomita 500 hivi. Ondoka saa kumi na moja alfajiri ili uvuke hifadhi ya Mikumi mchana. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Shika mwendo ulioandikwa kwenye vibao, usishuke kupiga picha, na ujue ukigonga mnyama utatozwa kwa viwango vilivyobandikwa hapo hapo barabarani.

Baada ya Mikumi unaingia bonde la mibuyu na joto linapanda. Ruaha Mbuyuni nunua vitunguu. Kisha unakutana na Kitonga, mlima wenye kona kali na malori yanayopanda kwa mwendo wa konokono. Usilipite lori kwenye kona eti kwa sababu gari la nyuma linakupigia honi. Zima kiyoyozi, weka gia ndogo, angalia mshale wa joto la injini. Ukifika juu hali ya hewa inabadilika kabisa. Ilula utawakuta akina mama na ndoo za nyanya kandokando ya barabara.

Kabla ya Iringa mjini kuna mnara wa Lugalo. Simama dakika kumi. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliwavamia askari wa Kijerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Watoto wakishasimama hapo, Kalenga, yaliko makumbusho yake, inawaingia vizuri zaidi.

Isimila: matembezi ya nchi kavu

Anayetaka kutembea kwenye mandhari ya jangwa bila kutoka nyanda za juu aende Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya. Mvua na upepo vimechonga korongo hadi zimebaki nguzo za udongo na mchanga mgumu, nyingine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, juu ya kila moja kofia ya mawe iliyolinda udongo wa chini yake usisombwe. Chini ya korongo ni mchanga, na mchana jua linaakisiwa pande zote. Zana za mawe za hapa zilitambuliwa mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukafanyika 1957 na 1958. Mashoka ya mkono bado yamelala pale yalipokutwa. Ukiinama utaona kingo zilivyopasuliwa kwa ustadi, pande mbili zikikutana kwenye ncha. Usiokote hata moja.

Fika saa mbili asubuhi, maliza kabla ya saa tano. Lita 2 za maji kwa kila mtu mzima, kofia pana, viatu vya kufunika vidole kwa sababu ya miiba. Mfuate mwongozaji wa kituo. Kingo za juu za korongo hubomoka, kwa hiyo usimruhusu mtoto asogee ukingoni kuchungulia. Mawingu mazito yakikusanyika, panda utoke. Korongo ni njia ya maji.

Jioni nenda Kalenga, makumbusho ya Mtwa Mkwawa, linakohifadhiwa fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mimi huwa namwomba mjomba aje nasi. Mwongozaji husimulia vizuri, lakini mjomba husimulia kwa "sisi".

Kwa kulala: kwa ndugu, kama nilivyoeleza. Wasio na ndugu Iringa wana shamba la Kisolanza, kati ya Iringa na Mafinga, ambako wasafiri wa magari hupiga kambi. Popote pengine, ukiingia kijijini nenda kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji ukiwa na kitambulisho kabla giza halijaingia. Misheni nyingi nazo hazimkatalii mtu anayeomba kwa adabu. Usilale kwenye maegesho ya malori kando ya barabara kuu, wala ndani ya msitu wa Sao Hill, na usiwashe moto wowote karibu na misonobari.

Iringa hadi Mbeya

Kilomita 330 hivi. Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole. Jaza mafuta Mafinga au Makambako. Ukiwa Makambako unaweza kukata kushoto kwenda Njombe, kilomita 60 tu, kama una mtu wako huko.

Chimala ndiyo njia ya kupandia Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, tambarare ya nyasi iliyo kwenye mita 2,600 hivi, inayoitwa Bustani ya Mungu kwa maua yake. Maua yanachanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, wakati huo huo ambao barabara ya kupanda Matamba inageuka utelezi. Barabara hiyo inaitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Noah isijaribu wakati wa mvua. Iache Chimala mahali penye mlinzi, ukodi gari la kupanda mlima lenye dereva mwenyeji. Na kule juu usihangaike na maharage mabichi: maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, utamaliza gesi bure. Yachemshe nyumbani kwa ndugu siku moja kabla.

Milima ya Mbeya na Rungwe

Hapa kanuni yangu ni moja: mzee kwanza, mlima baadaye. Habari hukimbia kuliko gari. Ukionekana Isongole na mkoba mgongoni wakati shangazi bado anakusubiri Tukuyu, ataambiwa kabla hujafika kileleni. Kwa hiyo tunateremka Uyole hadi kwake, tunakaa siku mbili, ndipo tunarudi juu kutembea.

Anza na Ngosi, ziwa lililo ndani ya shimo la volkano. Gari linaachwa chini, mnatembea msituni saa moja na nusu au mbili kwa mwendo wa watoto. Kipande cha mwisho ni kikali na kina utelezi. Kata fimbo za kutembelea kwenye miti iliyoanguka, usikate mibichi. Ukingoni juu, ziwa liko chini sana, kijani iliyotulia, na kuta za msitu zimelizunguka. Kuteremka hadi majini ni hatari, sisi hatushuki. Wazee wana miiko na lile ziwa. Kaeni kwa utulivu.

Rungwe wenyewe, karibu mita 2,960, ni mlima wa siku nzima na si wa watoto wadogo. Muwe njiani saa kumi na mbili asubuhi, muwe na mwongozaji, na saa saba mchana iwe mwisho wa kupanda hata kama kilele kinaonekana. Ukungu hushuka ghafla na njia hupotea. Kwenye misitu hii ndiko anakoishi kipunji, nyani aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005 ingawa wawindaji wa hapa walimjua tangu zamani.

Tunamchukua mpwa wetu mmoja awe mwongozaji, pamoja na mwenye kibali wa eneo. Mpwa analipwa sawa na mgeni, fedha mkononi, mbele ya mama yake. Udugu usitumike kumfanyisha mtu kazi bure.

Siku ya kupumzika nendeni Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, upinde wa mwamba uliotokana na volkano. Wenye nguvu zilizobaki wapande Loleza, mlima unaouinamia mji wa Mbeya.

Kurudi

Acha nafasi. Shangazi atatoa mikungu miwili ya ndizi, parachichi, viazi, na mchele wa Kyela aliouweka tangu aliposikia mnakuja, na huwezi kukataa hata kimoja. Ndizi zilale chini ya kitanda juu ya gunia, parachichi kwenye kreti peke yake, viazi karibu na mlango wa nyuma. Uzito ukizidi punguza maji ya madumu.

Ukifika Kitonga unateremka na mzigo huo wote. Ingia gia ndogo tangu juu kabisa, injini ndiyo ishike gari, breki uiguse tu kwenye kona. Ukinusa harufu ya kuungua, simama penye nafasi, weka mawe kwenye tairi, subiri breki zipoe, usizimwagie maji.

Ukifika nyumbani, piga simu kabla hujashusha kitu. Mwaka jana tulichelewa Chalinze, tukafika saa saba usiku, nikasema nitapiga asubuhi shangazi asije akaamshwa. Simu ikaita ikiwa bado mfukoni mwangu. Alikuwa amekaa macho jikoni, akitaka kujua kama blanketi la kijivu tumeondoka nalo, kwa sababu alitaka tuondoke nalo.